Inkisari ya Mkeka: Meza za Mafinga na Vipimo Vyake

Washairi wa pwani wanayo maneno mawili ambayo kila mwanafunzi wa arudhi hufundishwa mapema: inkisari na mazida. Inkisari ni kulikata neno ili lienee katika mizani. Mazida ni kulirefusha kwa sababu hiyo hiyo. Mshairi aliyebanwa na mstari ana ruhusa ya pande zote mbili, na asiyejua kuitumia hutoka na guni. Fundi atandikaye mkeka wa kukatia juu ya meza yake ya kazi hana bahati hiyo. Yeye amepewa inkisari peke yake. Mkeka uliozidi hukatwa, uliopungua haurefuki, na uliokatwa leo kwa kipimo cha leo haurudishiwi kesho kile ulichonyang'anywa.

Mkeka unaozungumzwa hapa si wa ukindu. Ni bamba la plastiki, aghalabu la rangi ya kijani, lenye unene wa milimita 3 hivi, lililochorwa miraba juu yake, ambalo wakataji wa karatasi, ngozi na vitambaa hulilaza mezani ili kisu kisiile mbao. Sifa yake kubwa ni kwamba jeraha lake hufunga. Wembe mkali huipasua plastiki laini bila kuondoa kitu, na ukishapita, pande mbili za mpasuko hurudi na kukutana. Mkeka huu haukuzaliwa Afrika Mashariki, na habari za kuzaliwa kwake zitafuata. Lakini meza inayoubeba, katika karakana nyingi za Tanzania, Bara na Visiwani, imetoka katika mti wa nyanda za juu za kusini, na soko kuu la mti huo ni Mafinga. Ugomvi wa mkeka na meza haufahamiki bila kwenda huko kwanza.

Mafinga ni makao makuu ya Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, kilomita 80 hivi kutoka Iringa mjini, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Mtu wa pwani afikaye huko mwezi wa Juni au Julai hukutana na baridi ambayo lugha yake haina maneno ya kutosha kuieleza. Asubuhi nyingine umande huganda juu ya majani. Walowezi wa Kiingereza waliuita mji huo John's Corner, na ng'ambo kidogo wakawa na Sao Hill yao, jina ambalo limeishi kuliko la kwanza. Vilima hivyo vilikuwa vya nyasi zaidi kuliko miti. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilianza kujaribu hapo miti ya kigeni, na katika miaka ya 1970 na 1980 serikali huru, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, ikapanda kwa wingi ambao haujapata kuonekana nchini. Shamba la Miti la Sao Hill lina eneo la zaidi ya hekta 130,000, na zaidi ya hekta 50,000 kati ya hizo zimepandwa miti. Mti wake mkuu ni msindano, hasa ule ambao wataalamu huuita Pinus patula, mwenyeji wa milima ya Mexico. Wa pili ni mkaratusi, ambao wenyeji huuita mlingoti, jina ambalo baharia wa Unguja angelitia maana nyingine kabisa.

Kabla ya hapo pwani ilikuwa na mti wake, nao ulikuwa na amri kali. Boriti za mikoko, zilizouzwa kwa korija, ishirini ishirini, ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya nyumba za mawe, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Boriti ilikuwa na urefu wake wa kuaminika, na chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko boriti iwezavyo kubeba. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, takriban mita 3 kwa upana au pungufu. Nyumba ilikatwa kwa kipimo cha mti. Msindano wa Mafinga uliigeuza kanuni hiyo, kwa kuwa mbao zake hupasuliwa, hupimwa na kuungwa kwa vyovyote mwenye nyumba apendavyo. Uhuru huo, hata hivyo, ulikuja na deni.

Deni la kwanza ni la vipimo, na historia yake imo ndani ya maneno yenyewe. Mtu wa pwani alipima kwa mwili wake. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole kidogo, kiganja kikiwa kimetanuka. Dhiraa, au mkono, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa kulia na kushoto. Misafara ya karne ya 19 iliyopanda bara ilikwenda na vipimo hivi pamoja na majora ya kitambaa. Nguo ilihesabiwa kwa mikono, na mwenye mkono mrefu hakupenda kupimiwa na mwenye mkono mfupi. Wajerumani walipoitwaa Iringa katika miaka ya 1890, baada ya vita virefu na Mtwa Mkwawa, walikuja na mita, maana nchi yao ilikuwa imekwisha kuikubali tangu mwaka 1872. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza wakaja Waingereza na futi zao, inchi zao na yadi, ambayo pwani ilikuwa ikiijua kwa jina la wari. Walowezi wa Sao Hill walijenga kwa futi, wakapima mashamba kwa ekari na kuwafundisha mafundi wao hesabu hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ikarudi kwenye mita, safari hii kwa hiari yake, na tangu mwaka 2002 kuna Wakala wa Vipimo wa kusimamia sheria.

Sheria na lugha ya mbao, hata hivyo, hazikufuatana. Katika yadi za Mafinga mbao huitwa mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane. Tarakimu zote hizo ni inchi, na urefu huhesabiwa kwa futi, aghalabu 12. Hata utepe wa kupimia, wenye sentimita upande mmoja, mafundi huuita futi. Mwanafunzi aliyesomea mita tangu darasa la tatu, siku anapoingia karakana, huanza upya kwa lugha ya John's Corner.

Deni la pili ni la maji. Msindano ukiangushwa na kupasuliwa huwa umejaa maji, na unapokauka husinyaa, lakini hausinyai sawasawa kila upande. Kwa urefu, ukifuata nyuzi za mti, ubao wa kawaida haupungui hata sehemu 2 kwa 1,000. Kwa upana, ukizikata nyuzi, ubao mbichi waweza kupoteza asilimia 3 au 4 mpaka ukauke kwa hewa, na pengine zaidi. Viwanda vikubwa vya Mufindi vina matanuri ya kukaushia. Mashine ndogo za kupasulia ambazo wenyewe huziita ding-dong, zinazohamishwa kutoka kiunga kimoja cha miti hadi kingine, hazina. Mbao zake hupakiwa zikiwa bado nzito kwa maji, na aghalabu hukaukia safarini, dukani, au, jambo baya zaidi, zikiwa tayari ni meza.

Kuna na umri wa mti. Mwenye shamba la serikali hungoja muda mrefu, na kwa desturi msindano wa mbao ulipangiwa miaka 25 hivi. Mkulima mwenye ekari 2 na karo za shule za kulipa hawezi kungoja hivyo, na wengi huvuna kabla ya miaka 15. Mti mchanga una moyo laini mpana, na ubao uliotoka moyoni hupinda, hujikunja, na hata husinyaa kwa urefu kuliko ubao wa mti mzima. Kumlaumu mkulima huyo ni rahisi kwa aliyeketi mbali. Soko limemlipa kwa mti mchanga, basi ameuuza mti mchanga. Lakini gharama haikupotea. Imesafiri pamoja na ubao, na anayeilipa ni yule wa mwisho, mwenye meza.

Sasa mkeka. Mkeka wa pwani, wa ukindu, haukuwahi kuwa na shida hii, kwa sababu haukutengenezwa kwa kukatwa. Mwanamke wa Unguja au Pemba husuka kwanza ukili, utepe mrefu mwembamba. Kisha hushona tepe hizo ubavu kwa ubavu mpaka upana unaotakiwa utimie, ndipo akautia taraza kingoni. Kitanda kikiwa kipana, huongeza tepe. Kikiwa chembamba, hupunguza. Msala wa mtu mmoja na mkeka wa ukumbi hutofautiana tangu kushonwa kwake. Mkasi hupunguza vichomozo tu. Akitokea mtu akaupasua katikati, msuko hufumuka, na kilichokuwa mkeka huwa lundo la majani. Akina mama wa Iringa wanaosuka vikapu vya milulu wana kanuni hiyo hiyo: kikapu huanza kitakoni, na ukubwa wake huwa umeamuliwa kichwani mwa msukaji kabla vidole havijasogea. Katika ufundi wa namna hiyo kipimo hutangulia na kitu hufuata.

Mkeka wa plastiki umekuja kwa njia nyingine. Mwaka 1956, mjini Osaka, Yoshio Okada, aliyekuwa akifanya kazi ya kukata karatasi katika kiwanda cha chapa, alichoshwa na nyembe zinazokufa makali mapema. Aliwatazama washona viatu wakivunja vipande vya kioo ili wapate ncha mpya, akakumbuka chokoleti inayomeguka kwa mistari, akabuni kisu chenye wembe wa kuvunjwa kipande kwa kipande. Kampuni iliyotokana na kisu hicho iliitwa Olfa, jina linalotokana na maneno ya Kijapani ya kuvunja wembe. Mwaka 1979 ikatoa kisu cha gurudumu, kilichopendwa na washonaji wa vipande vya vitambaa, na kisu cha namna hiyo hakifai juu ya mbao tupu: huzama, hufuata nyuzi za mti, na kulipoteza gurudumu makali. Mkeka unaojifunga jeraha ukawa mwenzi wake wa lazima.

Washona viatu aliowatazama Okada walikuwa na ndugu zao wa kazi Afrika Mashariki. Fundi wa katambuga, akatae matairi ya magari kuwa viatu, hajapata kuhitaji mkeka. Kipande cha ubao mgumu au kisiki kilimtosha, na kilipochakaa alikigeuza. Fundi cherehani hukata kwa mkasi, na mkasi hauigusi meza. Waliouhitaji mkeka ni wale wakatao kwa wembe na rula: wachora ramani za majengo, watengeneza mabango, wafunga vitabu, washona pochi za ngozi, na hivi karibuni watengeneza mifuko ya karatasi.

Hawa wa mwisho wanaturudisha Mufindi. Huko Mgololo, katika wilaya hiyo hiyo, serikali ilijenga kiwanda cha karatasi, Southern Paper Mills, kilichoanza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980 kwa kutumia miti ya Sao Hill. Kilisimama katika miaka ya 1990, kikabinafsishwa katika muongo uliofuata na kupewa jina la Mufindi Paper Mills. Karatasi yake ya kahawia, nzito na yenye nguvu, ndiyo ya mifuko. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, jambo ambalo Zanzibar ilikuwa imelitangulia kwa zaidi ya miaka kumi, na vikundi vidogo vingi vikaanza kukata na kugundisha karatasi kwa mikono. Hivyo katika wilaya moja mti huo huo hutoka kwa milango miwili. Ukitoka yadi ya mbao huhesabiwa kwa inchi. Ukiwa karatasi hukatwa kwa milimita, kwa utaratibu uliowekwa Ujerumani mwaka 1922 na Walter Porstmann na kukubaliwa kimataifa mwaka 1975, ambao kila mwalimu wa shule anaujua kwa jina la A4, milimita 210 kwa 297. Milango hiyo miwili hukutana tena juu ya meza ya kazi, pale mkeka unapotandikwa.

Msomaji na aichukue meza ya kawaida kabisa. Seremala hununua ubao mmoja wa moja kwa nane, futi 12, na kuukata vipande vitatu vya karibu futi 3, chakavu cha mwisho akiweka kando kwa miguu au mtambao. Vipande vitatu vya inchi 8 vikilazwa ubavu kwa ubavu hutoa upana wa inchi 24, yaani sentimita 61 kasoro kidogo, kwa urefu wa sentimita 91 na nusu. Mkeka mkubwa unaopatikana zaidi madukani, ule uitwao A1, mara nyingi hutengenezwa kwa sentimita 60 kwa 90, ukiizidi karatasi yenyewe ya A1 ili kuacha pambizo. Kwa hesabu ya karatasini, mkeka na meza vimeumbiwa kukaa pamoja. Umebaki nusu sentimita huku na nusu sentimita kule, kama pambizo ya ukurasa uliopangwa vizuri.

Hesabu hiyo haiishi siku nyingi. Seremala hupiga randa kingo ili mbao zikutane, na kila ukingo hutoa milimita kadhaa. Upana umekwisha kushuka hadi 60 au chini yake. Kisha maji huanza kutoka. Kiangazi kimoja cha Mafinga, kuanzia Juni hadi Oktoba, hewa ikiwa kavu na upepo hauna huruma, chatosha kuishusha meza hadi sentimita 58. Urefu haujabadilika, ni 91 na nusu kama mwanzo. Mkeka uliokuwa na pambizo upande wa mapana sasa unaning'inia sentimita 2. Kwa mkato wa mbele hilo si jambo dogo: ukingo unaoning'inia huinama, mkono ukiuegemea rula huteleza, na mchana wa jua plastiki hujikunja chini na kubaki na kovu la mkunjo huo. Utao unatosha na ukwapi umezidi.

Na aliyenunua mkeka mkubwa zaidi, akaukata siku ile ile meza ilipoletwa, amepoteza mara mbili. Ameukata kwa inchi 24 alizoambiwa yadini, nao utamlazimu kuukata tena. Mbaya zaidi ni yule aliyeona mbao zimeachana nyufa akaongeza ubao mwembamba wa nne kuziba. Meza yake sasa ni pana kuliko mkeka, na hapo ndipo mazida yangefaa, lakini hayapo.

Kwa hiyo mafundi wenye uzoefu huvitenganisha vipimo viwili. Urefu waweza kukatwa mapema, kwa kuwa nyuzi za mti mzima hazidanganyi. Upana hungojewa. Njia ya kungoja ni nyepesi: meza ipandishwe juu ya vitofali mahali penye kivuli na upepo, upana wake upimwe na uandikwe kwa penseli chini ya ubao pamoja na tarehe, kisha upimwe tena baada ya wiki chache. Pale vipimo viwili vinapofuatana bila kupungua, meza imetulia. Aliye na haraka ni bora akate meza kuliko mkeka, yaani aiache meza pana na ukingo wake upunguzwe kwa msumeno baadaye. Ubao wa msindano ni rahisi kupatikana Mafinga, mkeka hutoka mbali na bei yake humuuma mwenye kazi ndogo.

Ukataji wenyewe una adabu zake. Kwanza huchaguliwa pembe itakayobaki: ile yenye sifuri ya mistari iliyochapwa, maana miraba yote huhesabiwa kutoka hapo. Kinachokatwa ni upande wa mbali nayo. Kata sifuri, na kila namba iliyobaki itasema uongo mpaka mkeka ufe. Pili, kipimo hakihamishwi kwa kuufuata ukingo wa meza moja kwa moja, kwa kuwa meza ya karakana nyingi si mraba kamili. Hufuatwa mstari uliochapwa kwenye mkeka, ambao ni mnyoofu, na meza ikiwa na hitilafu, hitilafu hiyo huachwa ionekane kwenye mbao. Mkeka uliokatwa kwa kuifuata meza iliyopinda utawafundisha kupinda wote watakaokata juu yake. Hapa wapenzi wa fasihi watakumbuka kwamba neno mstari lenyewe limetoka kwenye jina la Kiarabu la chombo cha kupigia mistari. Waandishi wa miswada ya zamani walitumia kibao kilichonyoshwa nyuzi, wakakiweka chini ya karatasi na kukipapasa kwa kidole, na nyuzi zikaacha alama ambazo wino ulifuata. Mnyoofu alikuwa uzi, si ukingo wa karatasi.

Tatu, chini ya mkeka huwekwa ubao mkavu usio na thamani, juu yake rula ya chuma iliyobanwa kwa vibanio pande mbili, na wembe mpya. Mkasi haufai, hulifinya bamba na kuliachia ukingo wa mawimbi. Wembe nao hautakiwi kulazimishwa. Pitio la kwanza hukwaruza tu, la pili hufuata njia ya la kwanza, na kwa kawaida baada ya mapitio manane au kumi mkeka huachia. Wengine hufika nusu ya unene, kisha hulikunja bamba ukingoni mwa meza mpaka limeguke, kama wembe wa Okada. Sifa ya kujifunga jeraha hapa huwa adui: pitio jepesi mno lililofuatwa na mapumziko hupotea, na fundi hujikuta ana njia mbili badala ya moja. Baada ya hapo ukingo hupigwa msasa laini, na kazi imekwisha.

Baridi ya Mafinga huongeza sharti moja ambalo mtu wa Unguja asingelifikiria. Plastiki iliyolala usiku wa Julai ni ngumu na hukaribia kuvunjika. Ikikunjwa asubuhi yaweza kupata ufa usiofuata njia ya wembe. Hungojewa saa ya mchana, mkeka ukae ndani ya chumba chenye joto, usianikwe juani, kwa kuwa jua hilo hilo litaukunja. Visiwani shida ni kinyume. Huko mkeka ni laini mwaka mzima na wembe huingia kwa wepesi, ila ukiegemezwa ukutani penye dirisha la magharibi, jioni utakuwa umejipinda kama dau.

Na meza nayo huikuta bahari. Mbao zikitoka Mafinga kwa lori hadi Dar es Salaam, kisha kwa chombo hadi Malindi, huwa zimehama kutoka hewa kavu kwenda hewa nzito ya chumvi, na ubao uliokauka hunywa tena. Meza iliyotulia kwenye sentimita 58 huko nyanda za juu huweza kurudisha milimita kadhaa ikishakaa Unguja masika moja. Haifiki tena inchi zake 24, wala mkeka haujali. Unabaki pale ulipokatwa, na kati ya ukingo wake na ukingo wa meza hutokea utepe mwembamba wa mbao tupu, unaopanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kaskazi. Seremala wa Kikwajuni au wa Ng'ambo anayeijua kazi yake hauzibi utepe huo. Huuacha, akijua kwamba ubao uliobanwa usipopata pa kwenda hupasuka.

Kipande kilichokatwa, chenye upana wa vidole viwili na urefu wa sentimita 90, hakitupwi. Hulazwa chini ya miguu ya cherehani isitetemeke, au hukatwa vipande vya kuwekea gundi. Na kwa kuwa mistari yake bado imechapwa, sentimita kwa sentimita, wapo wanaokitundika msumarini na kukitumia kama rula, katika karakana ambayo mbao zake zote zimenunuliwa kwa inchi.